Faini ya Kutofika

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuomba vitu. Ukimletea leso mpya anakuuliza ile ya zamani ina shida gani. Lakini kitu kimoja alikitaka, na alikisema mbele ya yeyote, hata mbele ya padri: siku yake ikifika, achimbiwe kaburi na mwethya.

Mwethya ni kikundi chetu cha kazi. Kila nyumba ya upande huu wa mto hutoa mtu mmoja, leo tunalima kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mtu akifa, wanaume wa mwethya ndio wanaochimba, na kina mama wanaleta maji, kuni na isyo, yale mahindi na maharagwe yetu. Mwenye msiba kwetu hashiki jembe. Kazi yake ni kukaa na kulia. Mama mkwe alikuwa kati ya walioanzisha kikundi hicho, wakati makorongo yalikuwa yanakula mashamba haya na watu wa Masii wakitucheka kwamba tunalima mawe. Zile fanya juu unazoziona huku, mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu ili ushike maji, nyingi alizichimba akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye aliyenioa. Kwa hiyo usifikirie mama alikuwa anaomba fadhili. Alikuwa anadai chake.

Korona ilipoingia, chifu alinichagua mimi niwe wa kuelimisha watu, kwa sababu nilifika kidato cha nne na nina sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo. Nikazunguka nyumba kwa nyumba na binti yangu, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, tukifunga vibuyu chirizi: mtungi mdogo uliotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyaga ili maji yatoke bila kuugusa. Yeye alibeba kamba, mimi nilibeba mdomo. Mama mkwe alitutazama tukirudi jioni tumechoka, akasema mimi ni fundi wa kunawisha kijiji kizima na sufuria zangu za asubuhi bado ziko kwa inzi. Nilikuwa nacheka tu. Nilijiona wa maana, sitaficha.

Halafu mume wangu akarudi. Yeye ni fundi wa rangi, alikuwa Syokimau, karibu na Nairobi, kwenye zile nyumba mpya, na kazi ilikuwa imesimama. Alifika kabla barabara hazijafungwa, na alifika akikohoa. Sasa, kikohozi hicho kila mtu wa huku anakijua. Ni vumbi la kusugua kuta, huja nacho kila mwaka. Krismasi majirani walikuwa wakisema fundi amefika, tumemsikia kabla ya kumwona, na wanakuja kula. Mwaka huo hakuna aliyecheka na hakuna aliyekuja.

Aliyekuja ni mwenyekiti wa mwethya, mama wa makamo, jirani yetu wa chini. Alisimama nje ya ua, akavuta leso mdomoni, akaniambia kwamba wamekaa wakakubaliana nyumba yetu ipumzike kidogo. Ndilo neno alilotumia. Tusifike kazini, na kule mtoni, kwenye shimo la mchangani tunakochota maji, tungoje wengine wamalize kwanza. Nilikubali bila kinyongo. Si mimi niliyewafundisha wakae mbali? Nikampeleka mume wangu zahanati, akapimwa, wakasema ni vumbi, wakampa dawa ya kikohozi. Nikaenda kumweleza mwenyekiti. Akasema amefurahi sana kusikia hivyo, lakini tupumzike tu.

Tukapumzika. Kikohozi kiliisha, na bado tunapumzika. Binti yangu akifika mtoni, wasichana aliokua nao wanainua mitungi yao hata kama haijajaa na kupanda zao juu. Mdogo wake akipiga mpira ukavuka ua, unarudishwa kwa fimbo. Mimi nilifundisha watu wakae hatua mbili, jamani. Sikumwambia mtu yeyote asukume mpira wa mtoto kwa fimbo. Nilikasirika mpaka nikaacha kuzunguka kabisa, na chifu akauliza mbona nimelegea, nikamwambia nimepumzishwa.

Mama mkwe alikuwa akikaa barazani asubuhi akiona mwethya ukipita barabarani na majembe. Anawaita, anauliza ni zamu ya nani leo. Wanamjibu kwa mkono, wanaongeza mwendo. Presha yake ilikuwa ya miaka, lakini wakati huo ndipo alipoanza kuniambia kichwa kinazunguka. Siku moja nilimkuta ananoa jembe lake kwenye jiwe, mtu ambaye hata kusimama kulikuwa ni shughuli. Nikamuuliza anaenda kulima wapi.

"Halafu wakija waseme jembe la nyumba hii lina kutu?" akasema.

"Na wasipokuja, mama?"

"Watakuja. Mimi si korona."

Alikufa alfajiri, kitandani kwake, bila kusumbua mtu. Daktari wa zahanati alikuja, akamwangalia, akauliza maswali, akasema mbele ya chifu kwamba ni presha na uzee na hakuna kitu kingine hapo. Chifu akasema sheria ni sheria, tuzike kesho kabla ya saa sita, watu wasizidi kumi na watano. Kumi na watano kwetu ni watu wa kutosha kuchimba na kupika na kuimba. Nikashuka mpaka kwa mwenyekiti, nikasimama nje ya lango lake kama alivyosimama nje ya langu, nikamwambia mama ametuacha. Alilia. Sitamsingizia, alilia machozi ya kweli, alishika kichwa, akasema yule alikuwa mama yao wote. Akasema ataongea na watu. Nikapanda nyumbani moyo umetulia kidogo, nikamwambia mume wangu watakuja.

Asubuhi tuliwasikia kabla ya kuwaona, sauti na majembe yakigongana. Binti yangu alikimbia kuweka maji ya kunywa uani na kupanga vikombe. Mume wangu alivaa koti, akaenda langoni kuwapokea. Walikuwa kama kumi. Wawili watatu walivua kofia. Mama mmoja aliweka mzigo wa kuni pale kwenye ua, taratibu, akaondoka bila kuinua macho. Na wote wakapita. Wakateremka wakaingia shambani kwa mwenyekiti, kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu yake, na kutoka kwetu tuliwaona wakijipanga mstari na kuanza.

Mume wangu alisimama pale langoni muda ambao sikuupenda. Kisha akavua koti, akachukua lile jembe la mama lililonolewa, akaenda mahali ambapo mama mwenyewe alikuwa ametuonyesha. Sikuwa nimewahi kuona mtu akimchimbia mama yake kaburi. Udongo wetu juu ni mwekundu na mlaini, ukishuka kidogo ni changarawe ngumu. Alipoanza kukohoa nikaingia mimi. Nilipochoka akaingia binti yangu, na sketi yake ya shule, maana ndiyo nguo yake nzito. Jembe alifundishwa na susu, yaani bibi yake, kwenye fanya juu, basi akawa anatupa udongo upande wa juu wa mteremko, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Kila akitupa, nusu inaporomoka inamrudia miguuni. Hatukuona kosa mapema, sisi sote tumezoea hivyo. Baba yake ndiye aliyemwambia hatimaye, "Mwanangu, hili si la kushika maji. Tupa chini." Mtoto akageuka, akaanza kutupa upande wa chini, na hapo ndipo nilipolia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa uchungu.

Katekista alisoma sala akiwa mbali, barakoa ikimmezea maneno. Tulimteremsha mama kwa kamba zetu, sisi na shemeji yangu mmoja aliyepata kibali cha kusafiri. Hakukuwa na isyo. Nilipika chai kwa zile kuni zilizoachwa kwenye ua, na mpaka leo najiuliza kama nilipaswa kuzirusha barabarani.

Watu huniambia kwamba kila mtu aliogopa wakati ule, kwamba tusiwekeane kinyongo. Najua waliogopa. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuwatia hofu, kwa sauti yangu ya kuita mbuzi. Lakini hofu iliyowaacha walime pamoja, maski zikiwa kidevuni, wakichangia mkebe mmoja wa kunywea maji, halafu ikawazuia kuingia kwangu tu, hofu hiyo naikataa. Sijawasamehe. Padri nimemwambia hivyo, akasema niombe, nami ninaomba, na bado sijawasamehe.

Mambo yalipolegea, mwenyekiti alikuja tena. Safari hii aliingia mpaka ndani, akakaa, akapokea chai, akauliza habari za mifugo na za mvua. Alitoa pole ndefu. Alisema nyumba yetu sasa inaweza kurudi kazini. Nikasema asante. Akakohoa kidogo, akazungusha kikombe, akasema kuna jambo dogo la kikundi la kumaliza kwanza. Nyumba yetu haikuwa imetoa mtu kwa muda mrefu, na faini ya kutofika tunaijua wote, ni kuku.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia ni wao waliotuambia tupumzike. Akasema ndiyo, lakini kazi haikupumzika, na sheria ya mwethya haina udhuru, hata aliyejifungua hutafuta mtu wa kumtuma. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba sheria hiyo iliwekwa na mama mwenyewe. Na hilo lilikuwa kweli. Mama alikuwa mkali, aliwahi kuchukua kuku wa mtu aliyevunjika mguu.

"Hata siku ile tuliyozika?" nikamuuliza.

Aliangalia ndani ya kikombe. "Hata hiyo. Siku hiyo tulikuwa kwangu."

Haki ya nani, chai ile ilikuwa karibu imrukie usoni. Nilimgeukia mume wangu nikingoja aseme neno, aseme toka kwangu, aseme chochote. Yeye alikuwa amepata simu ya kurudi Syokimau. Aliniita nje, nyuma ya ghala, akaniambia nitoe huyo kuku. Nikienda, akasema, utabaki na watoto hapa peke yako, na ukiugua usiku utamwita nani? Nilitaka kumpiga. Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana nilitaka kumpiga. Nikamwambia binti yangu akamate yule tetea mweusi.

Alimkamata. Alimfunga miguu kwa ukambaa, akaingia ndani, akapiga goti kidogo na kumpa mwenyekiti kwa mikono miwili, kama nilivyomlea. Mwenyekiti alifurahi. Alimsifu kwa urefu, akasema amekuwa mwanamke sasa, na kwamba Jumamosi anaweza kuja kazini badala ya mama yake akipenda. Akamuuliza kama ameshajua kushika jembe.

"Najua," binti yangu akasema. "Nilimchimbia susu kaburi."

Alisema bila kuinua sauti, kama anayejibu mwalimu. Mwenyekiti aliweka kikombe chini, akajifunga leso, akatuaga mmoja mmoja, mpaka yule mdogo. Kuku alienda naye.