Miwili Upande wa Kushoto

Maumivu yalikuwa yakinishika ubavuni, upande wa kushoto, yanashuka hadi kwenye kinena, halafu yananiachilia ghafla. Nilikuwa nafundisha darasa la nne huko Myanga. Siku nyingine niliwapa watoto zoezi la kuandika ili nipate kuinama juu ya meza bila wao kugundua. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa amiba. Mwishowe eksirei ya pale Bungoma ikaonyesha jiwe jeupe, kama punje ya mahindi, nikatumwa Kitale kwa daktari wa upasuaji. Mama alitoka Kamukuywa kunisindikiza.

Kitale walinidunga dawa ya rangi mkononi. Joto likanipanda hadi kooni, mdomo ukawa na ladha ya msumari. Nikalala kwenye meza baridi wakipiga picha moja baada ya nyingine. Kisha mpiga picha akatoka mbio kumwita daktari, nami nikajua kuna jambo.

Daktari, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alibandika picha kwenye taa ya ukutani, akatuita mimi na mama.

"Mwalimu, hebu hesabu mirija ya mkojo."

Ilitoka kwenye figo ikishuka hadi kwenye kibofu, myeupe kama nyuzi. Kulia, mmoja. Kushoto, miwili, mmoja mwembamba, mwingine umevimba juu ya jiwe.

"Ati miwili?" mama akauliza. "Daktari, si huyu nilimzaa mimi? Mbona sikujua?"

"Hakuna mtu angejua, mama. Hata yeye mwenyewe hakujua. Alizaliwa hivyo."

Akatueleza kwamba figo ile ilikuwa na sehemu mbili, kila moja na mrija wake. Mrija mmoja ulikuwa umezibwa, lakini wa pili ulikuwa ukiendelea na kazi. Shida ni kwamba huko chini mirija hiyo imeshikana, inalishwa na mishipa ileile ya damu. Akiitenganisha kwa pupa, ataua ule mzima.

"Kwa hivyo nitaenda polepole," akasema.

Siku ya upasuaji nilidungwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa kama si yangu. Waliweka pazia la kijani kifuani, kwa hivyo sikuona kitu. Nilisikia tu daktari akiomba vyombo.

"Njooni muone," akawaambia wauguzi. Halafu akaniita. "Mwalimu, uko macho?"

"Niko, daktari."

"Inacheza. Yote miwili. Huu unajikunja, unasukuma mkojo, unatulia. Halafu mwenzake naye anajikunja."

Chozi likanitoka, likaingia sikioni, na sikuweza kulipangusa. Halikuwa la uchungu. Tangu nikiwa tumboni mwa mama mirija hiyo ilikuwa ikisukuma, nikilala, nikifundisha, nikigombana na watu, wala sikuwahi kuiamrisha.

Baadaye kitu kikalia *ti!* kwenye sahani ya chuma.

Wodini mama alilishika jiwe kiganjani. Lilikuwa la kahawia, lenye miiba. Aliligeuzageuza, kisha akamgeukia daktari.

"Na ule mrija mwingine, mtautoa lini?"

"Hatuutoi, mama. Ni wake."

Mama akaweka mkono juu ya blanketi, ubavuni mwangu, kwa wepesi ule wa kumgusa mtoto aliyelala. Hakuutoa hadi muda wa kuwaona wagonjwa ulipokwisha.

Waliniachia kijimrija cha plastiki ndani ili kidonda kipone, wakakitoa baadaye. Maumivu hayajarudi. Huko Kamukuywa mama aliwasimulia majirani habari hizo, na alipofika kwenye ile picha ya ukutani, sauti yake ilishuka.

"Miwili," alisema, akinyoosha vidole viwili vilivyobanana. "Na mimi nilikuwa nikimwogesha kila siku."