Kitabu cha Mama wa Butembo

Baba alikuwa polisi, kwa kabila Mteso, na mama alikuwa Mlugbara; kwa hiyo nyumbani kwetu, katika kambi ya polisi ya Bwera, upande wa Uganda wa mpaka na Kongo, tulizungumza Kiswahili, kile cha kambini. Kitabu cha kwanza kuingia chumbani mwetu hakikuwa cha Kiswahili wala hakikuwa chetu. Kililetwa na jirani, mama mmoja Mkongo.

Ilikuwa miaka ya sitini, Wakongo wakivuka mpaka kukimbia vita kwao. Yule mama alitoka Butembo, akapanga chumba nyuma ya kambi, akawa anauza maharagwe sokoni. Jioni moja mvua ilimkuta njiani, akaingia jikoni kwetu. Alipofungua mzigo wake aukaushe, mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka minne, akaona kitabu cha picha kilichofungwa ndani ya kitenge. Akajikalia mapajani mwa mgeni bila kukaribishwa.

Kilikuwa cha Kifaransa. Ndani yake mnyama mnene aliyevaa suruali alitafuta blanketi lake kila mahali kabla ya kulala. Mama wa Butembo alisoma mstari mmoja kwa Kifaransa, kisha akaueleza kwa Kiswahili cha kwao. Jina la mnyama yule kwa Kiswahili hakulijua. Mdogo wangu aliamua ni mbwa, na akawa mbwa.

Tangu siku hiyo yule mama alikuja kila jioni tukishakula. Alisoma, akakifunga kitabu katika kitenge, akaenda nacho. Mdogo wangu alipolia akitaka kulala nacho, alimjibu kwa upole, "Hii haibaki, mutoto yangu. Nitaileta kesho." Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikamwona mchoyo. Nilipomwambia mama hivyo alinikanya, akanieleza aliyoambiwa na yule mama walipokuwa wakiteka maji bombani. Kitabu kilikuwa cha mwanawe. Mtoto alikibeba mwenyewe walipotoka kwao, akafa kwa homa kabla hawajafika mpakani, wakamzika kando ya barabara.

Msimu wa mvua uliofuata, surua iliingia kambini. Mdogo wangu aliugua wakati baba yuko kazini Karambi. Zahanati walitupa dawa ya maji tu, wakasema tumweke penye giza. Macho yake yalivimba, hakuweza kutazama picha. Mama wa Butembo aliendelea kuja. Alikaa kwenye mkeka akamweleza kila ukurasa: mbwa iko chini ya meza, mbwa iko mulangoni. Siku ya tatu aliondoka bila kitabu. Alikiacha karibu na mkono wa mtoto. Nilidhani amesahau.

Mdogo wangu alifariki asubuhi iliyofuata. Baba alifika saa sita, viatu vimejaa matope, akasema kitabu kiwekwe sandukuni pamoja naye. Mama alikataa; ni cha mtoto mwingine, alisema. Akanishika mkono, tukaenda kukirudisha.

Mama wa Butembo alikipokea kwa mikono miwili, kisha akamrudishia mama.

"Ule wangu nilimuzika bila kitu," alisema. "Kitabu nikashika mimi. Muwekee wako."

"Na wewe utabaki na nini, dada?"

Yule mama alimsogezea nafasi. Wakakaa kitandani, maana kiti hakikuwapo, kitabu kikiwa katikati yao. Baada ya muda mama, ambaye hakujua kusoma lugha yoyote, akakifungua, akamwomba amsomee. Yule mama akasoma kutoka mwanzo, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, kama alivyozoea. Kambini watu walikuwa wakitungoja, na mara mbili baba alituma mtu kutuita. Nilitaka kumwambia mama twende. Lakini alikuwa ametulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona, na sikuthubutu.

Ulipoisha ukurasa wa mwisho, mama alikifunga mwenyewe, akakiviringisha ndani ya kitenge, akamwekea mwenzake mapajani.

"Kaa nacho," alisema. "Sasa inuka, twende tumzike."

Tukaenda wote watatu. Jioni ile yule mama alikuja tena baada ya chakula, safari hii mikono mitupu. Akaketi na mama. Alifanya hivyo kila siku, mpaka baba alipohamishiwa Kasese.