Kahawa Iliyopoa kwa Haji Dhiyabu

Wifi yangu Rudaina huonekana kwenye televisheni kila asubuhi, na kila mchana akirudi nyumbani huambiwa kasoro zake. Muuza mikate humwambia leo ulionekana mnene. Jirani humwambia ile nguo ya kijani haikupendezi. Mzee mmoja alimsimamisha njiani akamuuliza kwa nini jana hakuitikia salamu yake. Kumbe alikuwa amemsalimia akiwa sebuleni kwake, Rudaina yuko kwenye kioo cha televisheni. Rudaina akamwomba radhi tu. Amechoka kueleza.

Mimi ni mke wa kaka yake, Mutazi. Tunakaa nyumba moja hapa Ain Rihani: wakwe chini, sisi katikati, yeye juu kabisa karibu na matangi ya maji, kwa sababu hajaolewa na ana miaka thelathini na saba. Hilo nalo huambiwa kila siku, kama vile hajui.

Alianzia redio ya mkoa, akitangaza bei ya zeituni. Kisha televisheni ya Amman ikamwita asome hali ya hewa. Baba mkwe hakusema naye msimu mzima wa baridi. Lakini mama mkwe amenisimulia kwamba kila habari zilipokaribia kwisha, mzee alikuwa anakumbuka kitu sebuleni, anakuja kusimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi mpaka Rudaina amalize kusema mvua itanyesha wapi.

Sasa ana kipindi chake mwenyewe, anaingia majumbani kwa watu kusikiliza shida zao. Basi watu wakadhani televisheni ni serikali. Mmoja anataka mwanawe apewe kazi. Mwingine amepotelewa na mbuzi, anataka mbuzi atangazwe. Wanagonga kwetu chini, mimi ndiye ninayefungua, mtoto yuko kiunoni.

Kiangazi cha mwaka huu maji ya bomba yalikatika, tukawa tunanunua ya boza, lile lori la tangi. Mwanangu Judi, hajafikisha mwaka, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Hospitali nilikuta watoto wa mtaani kwetu wamejaa, mama zao tunajuana.  Rudaina alichukua mtu wa kamera, wakayafuata maboza ya Awadi, anayetuuzia maji, mpaka kwenye kisima yanakochota, kando ya ukuta wa zizi la kondoo. Akaona, akapiga picha. Kipindi kikapangwa kionyeshwe Jumapili.

Alhamisi wazee wakaja. Walikuja wengi, wamevaa majoho, mbele yao Haji Dhiyabu. Wazee wakija hivyo huwa wanakuja kuposa au kusuluhisha damu, na sisi hatukuwa tumeua mtu. Mama mkwe alikuwa jikoni anatwanga iliki huku machozi yanamtoka.

"Mama Judi, wamekuja," aliniambia. "Nilijua ile nguo ya bluu itampatia mchumba."

Haji Dhiyabu alipewa finjani ya kahawa, akaiweka mbele yake bila kuionja. Ndivyo inavyofanywa: mwenye haja hanywi mpaka haja yake ikubaliwe. Akakohoa ili aanze kusema. Lakini baba mkwe alikuwa ameingojea finjani ile miaka kumi na tano, hakumwacha hata afungue kinywa.

"Kunywa kahawa yako, Haji. Ulichokijia umepewa."

Wakanywa wote. Haji akajifuta masharubu.

"Mungu akuzidishie, Baba Mutazi. Basi kile kipindi cha maji ya Awadi kisionyeshwe."

Awadi ni mtoto wa dada yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia ya vitamu. Nilimwona baba mkwe ameshika dele la kahawa, hamimini, haliweki chini.

Rudaina aliporudi alisimama sebuleni na mkoba begani.

"Umenigawa, baba?"

"Nilidhani ni posa."

"Posa ya nani? Ulimwona bwana harusi pale? Mdogo wao ana miaka sabini."

"Nilidhani ni kwa ajili ya mjukuu wa mtu."

"Mjukuu," alisema Rudaina, akakaa.

"Ungeolewa mapema haya yasingetokea," mama mkwe akasema.

Rudaina alicheka, akaushusha mkoba begani. Angeweza kukionyesha tu, Amman wasingejali. Lakini baba mkwe alisema polepole, anatazama zulia, kwamba neno limeshatoka, na kipindi kikionyeshwa yeye hataingia tena barazani kwa mtu. Tukajua hatanii.

Kesho yake baada ya swala ya Ijumaa Rudaina akanigongea. "Vaa, Mama Judi. Mchukue mtoto. Tunaenda kwa Haji."

Mama mkwe alitufuata, analalamika njia nzima. "Wanawake hawaendi kuomba haja. Tutachekwa mpaka Siria."

Watoto barabarani wakatuona. "Rudaina, leo kuna mvua?"

"Kwenu itanyesha mawe," aliwajibu.

Haji alitumiminia kahawa mwenyewe, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Rudaina akaiweka finjani mezani. Nami nikaiweka yangu. Mama mkwe kwa mazoea alikuwa ameshaifikisha ya kwake mdomoni. Rudaina akamtazama, naye akairudisha mezani.

"Kunyweni," alisema Haji.

"Tutakunywa, ami."

Haji akazitazama finjani tatu. "Nani kakufundisha haya, binti?"

"Wewe. Jana, sebuleni kwetu."

"Haya, sema unachotaka."

"Niambie kwanza kwamba nimepewa."

"Mimi si baba yako. Siropoki."

"Mume wangu hakuropoka," mama mkwe akasema. "Alifurahi." Sikuwahi kumsikia akimtetea mzee hivyo.

Rudaina akasogeza finjani kidogo. "Nataka umrudishie baba neno lake. Basi."

 Mvuke ukaisha juu ya kahawa. Mkewe, Mama Nayefu, akatoka jikoni akamchukua Judi mikononi mwangu, ndipo akaona alama nyeusi mgongoni mwa kile kiganja kidogo.

"Huyu kafanywa nini?"

"Dripu, mama," nikasema. "Ni yale maji ya boza."

Akaigusa kwa kidole. "Mjukuu wangu anaharisha tangu Jumatatu. Nikasema ni meno." Kisha akamgeukia mumewe. "Tangu unilete hapa, hakuna mgeni aliyepoza kahawa nyumbani kwangu. Unangoja nini?"

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Basi mwite dada yako aje ayanywe hayo maji."

Haji alirekebisha kilemba chake, ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. 

"Mwambie baba yako neno lake limerudi," alisema mwisho. "Kunywa, imepoa."

Rudaina aliimaliza kwa mkupuo mmoja, uso ukamkunjamana.

"Na ile nguo ya kijani," Haji akaongeza, "usiivae Jumapili."

Jumapili kipindi kilionyeshwa. Baba mkwe safari hii alikuja sebuleni na viatu vyote miguuni, akakaa kitini mbele ya watu wote. Mama mkwe alitazama mpaka mwisho, mkono shavuni. Akasema kisima kile kinatisha, lakini huyu binti yake angechana nywele.