Wanasesere wa Mke Wangu Kwenye Kalenda

Katika miaka yote niliyohudumu kama karani katika ofisi ya wilaya mjini Nyeri, sikuruhusu kalenda ya mwaka uliokwisha ibaki ukutani. Siku ya kwanza ya kazi ya mwezi wa Januari, kabla hata ya chai, niliishusha ya zamani na kutundika mpya. Mtu akisoma tarehe isiyo sahihi ukutani ataiandika kwenye faili, na kosa hilo litamfuata mwananchi mpaka kaburini. Sasa nimestaafu, naishi Giakanja, na sebuleni mwangu imetundikwa kalenda ya mwaka uliokwisha zamani sana. Wageni huitazama wakatabasamu, kisha huuliza ni nani aliyepiga picha ile nzuri. Nimeona ni vyema nieleze mambo yalivyokuwa, kwa kuwa yamekuwa yakisimuliwa vibaya.

Wanasesere walikuwa wa mke wangu. Kamera ilikuwa yangu. Vyote vilitoka katika nyumba moja upande wa Nanyuki, ya mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao, katika miaka ile ya kwanza ya uhuru ambapo mashamba mengi yalikuwa yakibadilisha wenyewe. Mimi nilikwenda kutafuta meza ya kuandikia. Mke wangu aliona sanduku la wanasesere wenye nyuso za kauri na macho ya kioo, akachuchumaa mbele yake, na sikuweza kumwinua. Meza hatukununua. Tulipokuwa tukiondoka na sanduku, yule mama, kwa furaha ya kuona kwamba wanasesere wake wamepata mtu wa kuwatunza, alituongezea kamera yake ya kizamani bila kudai chochote. Kamera na wanasesere vilitoka nyumba moja, na kwa maoni yangu vilipaswa kubaki nyumba moja.

Majirani walicheka. Mtu mzima, mama wa watoto walio shule za bweni, anajinunulia doli! Lakini mke wangu hakuwa akicheza nao. Aliwavua zile lesi zao za Ulaya, akawashonea nguo za watu wa kwetu: gauni la maua na sweta juu yake, kwa maana hakuna mwanamke wa Nyeri atokaye nyumbani mwezi wa Julai bila sweta. Sufu aliipata kwa kufumua soksi za shule zilizokwisha visigino. Gambuti alizikata kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Vitambaa vya kichwani alivifunga kila kimoja kwa namna yake, huyu fundo kisogoni, huyu fundo juu ya paji, mpaka ukimtazama mwanasesere ungejua yupi ni mke wa mwalimu na yupi ameolewa na mlevi.

Mimi ndiye niliyewapiga picha. Naomba hilo lieleweke. Kila Jumapili baada ya ibada tuliteremka mtoni, yeye amebeba wanasesere ndani ya kiondo, mkanda ukiwa kichwani na kiondo mgongoni, na mimi nimebeba kamera, kwa sababu mwanamume wa cheo changu kuonekana njiani na doli kungezua maneno. Niliwapanga kwenye nyasi kwa kimo, mfupi mbele, mrefu nyuma, wote wakiikabili kamera. Nilisimama jua likiwa mgongoni pangu, kama kijitabu cha kamera kilivyoagiza.

"Huyu aangalie kando kidogo," mke wangu alikuwa akisema, "kama mtu ameitwa."

"Akiangalia kando, sikio moja litapotea. Nani atamtambua?"

"Kwani amepotea kwao atafutwe na polisi?"

Tulicheka, na mwanasesere alibaki alivyokuwa. Ofisini niliitwa bwana karani. Nyumbani niliitwa baba watoto. Huko mtoni tu, tukiwa tumepiga magoti kwenye nyasi kufunga vifungo vidogo, mke wangu aliniita kwa jina langu. Hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya Jumapili zile kwangu, na nikionekana baadaye kuwa na chuki, msomaji ajue nilichochelea kunyang'anywa.

Jambo moja tu alilokuwa akilitamani bila kulipata: Mlima uonekane nyuma ya wanasesere wake. Lakini mimi nilikuwa mzee wa kanisa, mahali pangu asubuhi palikuwa mlangoni, na tulipofika mtoni Mlima ulikuwa umekwisha kujifunika mawingu. "Utaonekana siku nyingine," nilimwambia. Miaka ikaenda, na ikawa daima ni siku nyingine.

Filamu zangu nilizipeleka kuoshwa katika studio moja upande wa chini wa mji. Mwenyewe alikuwa Mwislamu wa familia zilizokaa Nyeri tangu enzi za babu zao, na karibu kila mtu wa wilaya alikuwa amekaa kwenye kiti chake kupigwa picha ya kipande cha utambulisho. Siku moja alinikabidhi bahasha yangu lakini hakuiachilia.

"Bwana karani, nguo hizi ni kazi ya nani?"

"Ni ya mke wangu."

"Mashallah. Mikono hiyo itunzwe." Akazipitia picha tena, moja baada ya nyingine. "Na aliyepiga?"

"Ni mimi."

Alizirudisha katika bahasha. "Zimenyooka," akasema.

Alinipa salamu nimfikishie mke wangu. Salamu hizo sikuzifikisha, na sioni kwamba nilikuwa na wajibu wa kuzifikisha. Lakini siku ya soko iliyofuata mke wangu alipita mwenyewe kuchukua picha nyingine, akarudi nyumbani na uso ambao sikuuzoea.

"Yule fundi ya picha ameniuliza kwa nini doli zangu zimeshtuka."

"Zimeshtuka namna gani?"

"Ati zinakaa kama zimeitwa kwa chifu!" Akacheka mpaka akashika mlango. Kicheko kile nilikijua. Kilikuwa kicheko cha mtoni, na sasa kilikuwa kimeletwa nyumbani na mtu mwingine.

Haukupita muda mrefu yule bwana akaja Giakanja mwenyewe, kwa pikapu yake. Duka moja kubwa la pembejeo mjini lilikuwa limemwagiza picha ya kalenda kwa ajili ya wateja wake, naye alitaka wanasesere wa mke wangu. Alikaa kwenye kiti changu akasifu sweta, akasifu gambuti, akaligeuza fundo la kitambaa kwa ncha ya kidole bila kulilegeza. Alizungumza Kiswahili cha kunyonya ziwani. Mimi changu nilikisomea kwa bidii, nikakiandika katika barua za serikali bila kosa, lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa akinisikiliza mkono ukiwa shavuni kama mke wangu alivyomsikiliza yeye.

"Mimi nataka Mlima nyuma yao," mke wangu alimwambia. "Lakini huyo Mlima anajificha kila saa."

"Hajifichi, mama. Ni sisi tunaochelewa. Mlima hufunguka alfajiri. Jua likishapanda umekwisha kujitanda, hata ukiusubiri kutwa. Tukienda Chaka mapema, kule uwanda ni wazi, utauona mpaka miguuni."

Mke wangu aligeuka akanitazama mimi. Katika ule mtazamo zilikuwemo Jumapili zetu zote, na kila "siku nyingine" niliyowahi kumwambia. Mimi nilizaliwa nikiutazama Mlima ule. Kila mtoto wa kwetu anajua saa zake. Nilijua, na nilimpeleka mtoni baada ya ibada.

"Nitafuatana nanyi," nikasema. "Mwenye kamera ni mimi."

"Kamera ninayo, mzee," akanijibu kwa adabu kubwa. "Lakini mtu wa kunishikia shuka nitamhitaji."

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Tulifika Chaka nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, na Mlima ulikuwa wazi wote, theluji juu, misitu chini, kana kwamba haujawahi kufunikwa. Mke wangu aliwakalisha wanasesere kama akina mama wa sokoni, mbele yao mafungu ya viazi vile vidogo mno ambavyo wavunaji huviacha udongoni. Mmoja alimgeuza bega kana kwamba amekasirishwa na bei. Mwingine alimwinamisha kwa jirani yake, anamteta mteja. Yule bwana alilala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa, na koti lake zuri, mpaka jicho lake likawa sawa na jicho la mwanasesere. Sijawahi kuinama hivyo mbele ya kitu chochote nilichokipiga picha.

Mimi nilisimama kando na shuka jeupe, shuka la kitanda changu mwenyewe, nikiurudisha mwanga chini ya vile vitambaa vya kichwani.

"Inua, mzee. Kushoto. Shusha kidogo. Hapo hapo. Mzee, upepo usikuchukue!"

Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walisimama.

"Mzee, unaanika nguo saa hii na tai shingoni?"

"Muache, bibi amemtuma."

"Na hizo viazi ni pesa ngapi?" mmoja akamuuliza mke wangu.

"Hizi si zenu," mke wangu akajibu kwa sauti nyembamba, kana kwamba ni mwanasesere anayesema. "Ni za watu wafupi. Piteni, msikanyage wateja!"

Walicheka wote, na yule bwana chini kwenye nyasi akacheka nao. Kisha wale akina mama wakaenda zao na pakawa kimya. Yeye aliinua kidole, na mke wangu akasogeza bega la mwanasesere. Alitikisa kichwa, na mke wangu akalirudisha kidogo. Hawakuhitaji maneno. Hakuna neno hata moja lisilofaa lililosemwa asubuhi ile. Laiti lingesemwa, ningejua la kufanya nalo. Nilibaki nimeshika shuka, mikono ikiniuma, nikiwatazama watu wawili wakielewana juu ya kitu ambacho mimi nilikishika miaka mingi bila kukielewa.

Tulipofika nyumbani nilimwambia kwamba mtu yule ana mazoea mengi. Mke wangu alikuwa akizikagua gambuti kama zimepata umande.

"Wewe uko na wivu ya nini?" akauliza. "Ya mtu, ama ya kamera?"

Nikamjibu kwamba mtu wa nafasi yangu hana wivu.

"Basi kwa nini umekunja shuka yangu kama bendera?"

Nilitazama chini. Nilikuwa nimelikunja kwa pembe, kwa mikunjo ile ile ambayo bendera ya ofisi hukunjwa ikishushwa jioni.

Kalenda ikatoka. Ilitundikwa madukani, ikatundikwa zahanati, ikatundikwa katika ofisi yangu mwenyewe, mkabala na meza yangu, na karani mdogo ambaye hakujua lolote na aliyefikiri ananifurahisha. Picha ilikuwa nzuri. Nilitafuta kasoro mchana kutwa, sikuiona. Lakini chini yake, kwa herufi nzito, palichapwa jina la mpiga picha na la studio yake, basi. Kuhusu mikono iliyofumua soksi na kukata gambuti hapakuwa na neno.

Mke wangu alisema niache. Sikuacha. Nilikwenda studio na kalenda chini ya kwapa, nikaikunjua juu ya kaunta mbele ya wateja.

"Hapa kuna jina moja. Je, nguo hizi zilijishona?"

Akaisoma kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. "Mzee, mwenye duka aliuliza jina la mpiga picha tu."

"Ulichoulizwa na ulichopaswa kusema ni mambo mawili."

Sitasahau kwamba hakujitetea tena. Uso wake ulibadilika. Alisema, "Haki yako, mzee. Na yake zaidi," akachukua kalamu yake ya wino na, kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kuusimamia ofisini, akaandika chini ya jina lake: nguo zimeshonwa na, kisha jina kamili la mke wangu. Akaupuliza wino ukauke.

Hiyo ndiyo nakala iliyo ukutani mwangu. Kati ya zote zilizotawanywa, ndiyo iliyo sahihi, na mimi sina desturi ya kuishusha kumbukumbu sahihi. Januari ilipokuja niliishika pembe, nikaiachilia. Iko pale, na jina la mke wangu liko pale, kwa mkono wa mtu yule. Hulisoma kila ninapokunywa chai, na halijapata kunipitia bila kunichoma kidogo.

Mke wangu aliniona nikilisoma, jioni ile ile nilipoitundika. Asubuhi yake, ndege hawajaamka, aliniwekea kamera yangu ya kizamani kifuani, nikiwa kitandani.

"Amka. Twende tena Chaka."

Tulikwenda wawili, kwa lori la kwanza lililotukubali, na Mlima haukufunguka. Tulisubiri kwenye baridi mpaka nyasi zikakauka, na mbele yetu palikuwa na ukungu mtupu, kijivu kama jalada la faili. Alikuwa na mwanasesere mmoja tu, amemweka ndani ya koti lake asipate unyevu. Akamtoa, akamsimamisha kwenye kigingi cha ua. Nilianza kurudi nyuma ili jua liwe mgongoni pangu, nikakumbuka kwamba jua lenyewe halikuwapo. Nikalala kifudifudi.

"Mwambie aangalie kando," nikamwambia. "Kama ameitwa."

Alimgeuza. Kisha alicheka, akaniita kwa jina langu, akasema, "Piga tu."

Picha ile haina Mlima, na ua umekaa upande. Nilipotaka kuitundika kando ya kalenda, mke wangu alikataa kabisa. Ameiweka kabatini chini ya sweta zake, na kila nikimuuliza sababu hunijibu kwamba ile si ya wageni.