Hali Yako Muulize Jirani

Juma lililopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi la ofisi moja ya serikali kule Faza, kando ya akina mama wawili, majirani zangu. Akaja mtafiti, binti wa Mombasa, akaeleza kwamba anapima maendeleo ya visiwa vyetu kwa mizani ya Kiislamu: dini, uhai, akili, kizazi na mali.

"Chakula nyumbani chatosha, Bi?" akamuuliza wa kwanza.

"Alhamdulillahi."

"Maji?"

"Alhamdulillahi."

"Watoto wanasoma?"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

Kwa majibu hayo, Faza ni pepo. Binti akaiweka kalamu chini, akamgeukia wa pili. "Na jirani yako huyu, hali yake ni ipi?"

"Huyu? Kisima chake kimeingia chumvi. Mwanawe ameacha skuli."

Wa kwanza akavuta buibui hadi puani. "Na yeye goti lamuuma tangu mwaka jana. Asema nauli ya boti ya kwenda hospitali Amu ni heri imsomeshe mjukuu."

Tumelelewa kwamba kumlalamikia Mungu mbele ya mgeni ni aibu, ila kumsemea jirani ni haki yake juu yetu. Anayetaka kutupima na aanzie hapo. Na pale ambapo jirani hajui kisima cha mwenziwe kina nini, aandike ufukara, hata nyumba zikiwa za ghorofa.

Nilikuwa bado najisifu kwa fikra hiyo binti aliponifikia. "Nawe Bwana, hali yako?"

"Alhamdulillahi," nikasema.

Hakuandika kitu. Aliwageukia wale akina mama, nao wakamsogelea.