Onufriy Avuka Kigongo Kumwimbia Aliyemzika

Onufriy Danyshchuk, fundi wa majiko ya matofali, alikuwa na sauti nzito kiasi kwamba akikohoa kanisani padri husita kidogo, akidhani shetani ana neno la kuongeza. Kwa ajili ya sauti hiyo walimfanya kiongozi wa waimbaji wa Krismasi wa Kychirka. Tangu Krismasi hadi sikukuu ya Maji, siku kumi na mbili baadaye, wanaume hupanda na kushuka milima ya Wahutsuli na fidla, na mabaragumu marefu kuliko mlingoti wa bendera, na vishoka vya shaba mikononi, wakiimbia kila nyumba. Baba ana wimbo wake, mama wake, hata mizinga ya nyuki ina wake. Nyumba iliyorukwa ni nyumba isiyo na mtu. Na waliokufa mwaka huo nao hawasahauliwi: huimbiwa makaburini wimbo wa polepole, ule unaomfungulia marehemu mlango aende zake.

Krismasi hiyo wimbo wa polepole waliimbiwa watu watatu. Wawili kati yao walikuwa wamekufa kweli.

Wa tatu alikuwa Palahna, ajuza aliyeishi peke yake ng'ambo ya kigongo cha mlima, na aliyeleta balaa ni ng'ombe. Huku milimani ajuza hauzi ng'ombe. Atauza shamba, atauza meno ya dhahabu ya marehemu mumewe, lakini yeye na ng'ombe watazikana. Kwa hiyo ng'ombe mwekundu wa Palahna alipoonekana mnadani, akivutwa kamba na mtu asiyejulikana, wanaume wa Kychirka walivua kofia. Hakuna aliyemuuliza yule mtu chochote. Kuuliza mambo ya msiba ni utovu wa adabu, na isitoshe kulikuwa na baridi. Wakasimama kwenye uzio wa makaburi, wakaelekeza nyuso upande wa kwake, wakamwimbia mpaka mwisho. Onufriy alilia waziwazi. Palahna alikuwa mama yake wa ubatizo. Ndiye aliyemshika juu ya maji alipokuwa mtoto mchanga, na mtoto akapiga yowe lililompasua padri sikio.

Kisha, sikukuu ya Maji ikiwa keshokutwa, Hnat mlinzi wa misitu akaingia jikoni kwa Onufriy, waimbaji wote wakiwa mezani.

"Palahna anawasalimu," alisema, akikung'uta theluji mabegani. "Anauliza mmekufa wote, au vipi? Mwaka huu hajasikia baragumu."

Glasi zilibaki hewani.

"Palahna yupi?" aliuliza Ilko, mpiga fidla.

"Wa ng'ambo. Wewe unamjua mwingine anayewaita nyinyi mbwa wa padri?"

"Lakini yule tumeshamwimbia."

"Mmemwimbia wapi, na hamjafika kwake?"

Ilko alionyesha kwa kidole upande wa makaburi. Hnat akawatazama mmoja mmoja, akaketi taratibu. "Mungu wangu. Ule wa polepole?"

"Mpaka ubeti wa mwisho," alisema Ilko. "Tuliimba vizuri sana."

Hnat alicheka mpaka akashika meza. Onufriy hakucheka. Mtu aliyefunguliwa mlango ule, hata kama hakuomba, siku moja atahisi upepo mgongoni, ageuke, na atoke. Dawa yake ni moja tu: aimbiwe wimbo wa walio hai, dirishani kwake, na kiongozi yuleyule aliyemkosea. Na sikukuu ya Maji ikiingia vinywa vinafungwa mpaka Krismasi nyingine. Krismasi nyingine, kwa ajuza mwenye mlango wazi, ni mbali.

"Kesho alfajiri tunavuka," alisema.

Hapo ndipo unapowajua wanaume. Njia ya bonde ilikuwa imezikwa na maporomoko ya theluji, kwa hiyo ni kupita juu, mgongoni mwa mlima, kwenye upepo. Ilko akakumbuka vidole vyake, kwamba ni vya fidla. Mpiga baragumu akakumbuka mapafu. Mwingine akakumbuka mke, jambo ambalo mkewe mwenyewe angelisikia kwa mshangao.

"Kwani Hnat amepitaje?" aliuliza Onufriy.

"Mimi ni mtumishi wa serikali," alisema Hnat. "Nikifa, wataleta mwingine."

Onufriy akaenda peke yake. Miguuni alifunga karpli za baba yake, fito za mti zilizopindwa duara na kusukwa kwa ngozi, mfano wa nyungo mbili ndogo. Mchawi anaruka kwa ungo mmoja. Onufriy alikuwa na nyungo mbili na bado alilazimika kutembea. Msituni theluji laini ilimpokea kwa adabu, fu, fu, fu, na misunobari ilisimama imejitanda mashuka meupe. Alitukana kila hatua, kwa mpangilio: ng'ombe kwanza, kisha mnada, kisha waimbaji, kisha yeye mwenyewe.

Alipofika juu, miti inapokoma, matusi yaliisha.

Upepo ulikuwa unamngoja pale. Ulimjia kifuani kama mlango unaosukumwa na watu wengi, ukambana pumzi, ukaingia mikononi mwa koti na kutokea shingoni. Theluji yote laini ulikuwa umeshaichukua, ukabakiza ukoko mgumu uliochongwa mawimbi, na juu ya kila jiwe barafu imeota manyoya, yote yakielekea kule upepo unakotoka, kana kwamba mawe yalikuwa ndege waliokusudia kuruka wakakatazwa. Alitembea ameinama, kishoka kikiwa mkongojo wake. Alijaribu kuimba ajipe moyo. Sauti ile iliyomtisha padri haikufika hata kwenye masikio yake mwenyewe. Upepo uliitwaa ikiwa bado mdomoni.

Pahali kigongo kinapokuwa chembamba alisogea kidogo kushoto, ambako theluji ilikuwa tambarare, nzuri, kama kitanda kilichotandikwa. Akachomeka mpini wa kishoka. Ukazama wote bila kugusa kitu. Akauchomoa, akachungulia kwenye tundu.

Chini ya tundu hapakuwa na mlima. Palikuwa na hewa ya bluu, na chini, chini kabisa, msitu mdogo kama kuvu kwenye mkate. Alikuwa amesimama kwenye upenu wa theluji, nje ya ukuta wa dunia, na kilichomshikilia kilikuwa ukarimu tu wa baridi.

Onufriy hakupiga ishara ya msalaba. Aliogopa mkono utaongeza uzito. Alirudi kinyumenyume, ungo mmoja, ungo wa pili, mpaka akasikia jiwe chini yake. Akaliinamia lile jiwe akalibusu. Kipande cha sharubu kiliganda pale, akakiacha.

Alipoinua kichwa jua lilikuwa limechomoza nyuma yake, na mbele, badala ya bonde, kulikuwa na bahari ya mawingu meupe. Juu ya bahari ile alisimama mtu. Alikuwa mkubwa kuliko mlima, mweusi, na kichwa chake kimezungukwa na pete ya rangi zote za upinde wa mvua, kama watakatifu wa ukutani, ila hii ilikuwa inawaka.

Onufriy alivua kofia. Mtakatifu naye akavua. Akainua kishoka, mtakatifu akainua.

Akajitambua. Akatazama nyuma kama kuna mwingine aliyestahili. Hapakuwa na mtu. Kilikuwa kivuli cha kichwa chake yeye, yeye aliyewahi kumjengea padri jiko makusudi livutie moshi ndani. Nani amemvika taji hili, na kwa kazi gani? Au mlango aliomfungulia Palahna ameupita yeye? Alivuta sharubu iliyobaki. Iliuma sana. Alishukuru.

Kisha hakuwaza tena. Alisimama kofia mkononi, masikio yakiganda, akitazama. Mawingu yalipumua, yakapanda, yakashuka. Pete ilijikaza, ikafifia, ikawaka. Mara upepo ukanyamaza, kimya kikawa kikubwa mno, na Onufriy, ambaye maisha yake yote aliamini kwamba kimya ni kitu kinachosubiri sauti yake, aliona haya hata kumeza mate. Machozi yalimtoka yakaganda mashavuni. Hakuyafuta. Yule wa mawinguni ndiye aliyeondoka kwanza.

Moshi wa nyumba ya Palahna aliuona adhuhuri, umenyooka. Aliteremka nusu kwa nyungo, nusu kwa makalio. Akasimama dirishani, akapuliza pembe aliyoibeba kiunoni, akauliza kama desturi inavyotaka:

"Mwenye nyumba, upo nyumbani? Unaruhusu tuimbe?"

Hakuna kitu kilichosogea ndani. Moyo wake ulishuka mpaka kwenye karpli.

"Mwenye nyumba! Upo?"

"Nipo!" iligomba sauti. "Kwani nitakuwa wapi, Paris? Subiri nivae kitambaa. 'Tuimbe' wewe na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Imba, basi. Na sehemu ya fidla usiiruke."

Akaimba. Aliimba sauti ya kwanza na ya pili, alipiga fidla kwa pua, alicheza na nyungo miguuni mpaka akaanguka na kuinuka ndani ya ubeti. Palahna alisimama kizingitini, mdogo, mkavu, na kila wimbo ulipomwita jina aliitikia, "Nipo," bila kutabasamu. Mwisho Onufriy alishindwa kusimama, akaingizwa ndani kwa kola.

Alikula ugali wa malai na jibini. Alimweleza yote: mnada, uzio, wimbo, na taji la mawinguni.

"Ng'ombe nilimuuza kwa sababu alinipiga teke," alisema Palahna. "Na hilo taji marehemu mume wangu naye alivishwa, hukohuko juu. Akarudi hapa anataka heshima. Kuni hakuchanja."

"Mama, niliogopa. Nilidhani nimekuua."

"Wewe?" Alimfuta chumvi ya machozi mashavuni kwa kidole gumba. Kisha akavuta kiti karibu. "Niimbie sasa ule mwingine."

"Upi?"

"Wangu. Wa polepole."

"Mama, hapana!"

"Watu wote wanaimbiwa wakiwa hawasikii. Mimi nimebahatika. Imba, mbwa wa padri."

Akaimba, macho kwenye mlango wa nyumba asije akauona unafunguka. Palahna alisikiliza, shavu kwenye kiganja. Ubeti wa mwisho ulipokwisha aliinua shavu kiganjani.

"Mzuri," alisema. "Ubeti wa tatu unakimbia mno. Ukifika wakati, punguza mwendo."

Akavuta sufuria upande wake, akachukua kijiko, akaanza kula kwa kishindo cha mtu asiye na safari.