Sufuria ya Shatenyi

Ipo siku moja ya Oktoba, mwanangu, ambayo hunirudia kila majani yanapoanza kupukutika, hata nisipoiita. Nilikuwa bado bibi harusi. Niliolewa Tabora mwaka huohuo, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nikaletwa Brussels na mume aliyekuwa masomoni. Tulikaa Etterbeek, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipojisikia. Siku hiyo nilirudi na mfuko umejaa njugu kubwa za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, nilizoziokota chini ya miti ya barabarani. Nilikuwa nimewaona watu wakinunua zilizochomwa pale kwenye kona, wanamenya na kula huku wakipuliza vidole, nikasema Mungu kanipa chakula cha bure.

Mlangoni nikakutana na jirani wa chini, Mkongo wa Lubumbashi, mjane wa makamo, amejifunga kitenge juu ya suruali ya sufu. Akachungulia mfukoni.

"Tupa ile bintu, mutoto! Ile ni ya kuangalia tu, haiko ya kukula. Unataka kuumiza bwana yako tumbo?"

Hivyo ndivyo nilivyomjua Maman Béatrice. Jumamosi iliyofuata alinipandisha metro mpaka Auderghem, tukatembea hadi ukingoni mwa msitu, akanionyesha zenyewe za kuliwa. Ganda lake lina miiba myembamba mingi mno, kama nungunungu aliyejikunja, na kila njugu ina ncha yenye manyoya kidogo. Zile za barabarani hazina ncha, na ni chungu, zina sumu. Hizi za msituni Wafaransa huziita châtaignes. Maman Béatrice alisema shatenyi, nami mpaka leo nasema shatenyi.

Jikoni kwake akaniwekea kisu kidogo mkononi. Kila moja ichanjwe msalaba ubavuni, la sivyo itapasuka ndani ya oveni kama baruti. Kisha ziloweke majini kidogo, ndipo ziingie kwenye moto mkali. Zikishafunguka, zitoe, zifunge ndani ya taulo zitoe jasho, halafu menya zingali za moto, maana zikipoa ile ngozi ya ndani hung'ang'ania nyama na ni chungu. Vidole viliniungua nikacheka. Nikatia moja mdomoni. Ilikuwa kama kiazi kitamu cha nyumbani, kile cha kuchomwa majivuni.

Nusu ya zile tulizomenya hakuniruhusu kuzigusa. Akakaanga kitunguu na vipande vya kuku, akatia jani la bay na maji, na kuku alipokaribia kuiva akazitumbukiza shatenyi polepole, zisipondeke. Akaifunga sufuria kwa kitambaa.

"Bon," akasema bila kunitazama. "Utamupelekea Nadine. Eko Molenbeek."

Nadine alikuwa binti yake, mtoto pekee, na shatenyi zilikuwa chakula alichokililia tangu utotoni. Basi kwa nini mama asipeleke mwenyewe? Nadine ndiye aliyenisimulia, siku nilipoivusha sufuria ile upande wa pili wa mfereji mkubwa unaokata mji na kupanda ngazi hadi kwake. Alikuwa amempenda Karim, kijana wa Kimoroko aliyezaliwa hapohapo Molenbeek, naye Nadine akasilimu, wakapanga ndoa. Wazazi wa Karim walikwenda Etterbeek kujitambulisha, wamevaa vizuri, wamebeba sinia la keki za lozi. Maman Béatrice aliwafungulia mlango lakini hakuwakaribisha. Aliwaambia palepale kwenye ngazi, majirani wakisikia, "Mutoto yangu alishakufa." Akafunga. Nadine alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake.

Utaniuliza, mwanangu, mbona mimi ni Mwislamu na Maman Béatrice alinipenda? Nami nilimwuliza. Akanijibu kwamba mimi ni jirani, basi.

Siku ile Nadine alikula amesimama, kwa kijiko, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, ila kuku alimwacha kando. Akaiosha sufuria, akanirudishia.

"Mwambie nimekula. Na mwambie aje aseme. Alisema na kinywa yake, mbele ya watu. Afute na kinywa yake."

Nilifikisha maneno yote, sikupunguza. Maman Béatrice alikuwa akiifuta meza iliyokwisha kuwa safi.

"Alikula?"

"Amekula, Maman. Kuku kamwacha."

"Mi minamupikia, hapana? Anataka nini tena?"

Ikawa desturi. Kila vuli tulikwenda msituni, tukachanja, tukachoma, tukamenya, nami nikavuka mfereji. Nadine alipata mtoto wa kike, kisha mwingine. Maman Béatrice aliniuliza wana nywele za namna gani, wanacheka vipi, wanafanana na nani. Nilijibu mpaka nikaishiwa. Molenbeek ilikuwa safari ya metro tu, mwanangu, ungefika kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Lakini hakwenda.

Mwaka mmoja alibisha hodi kwangu asubuhi, amevaa koti. "Kuku yako, ile ya Waislamu, unanunuaka wapi?" Tukaenda pamoja buchani. Alisimama kwenye foleni katikati ya akina mama wa hijabu, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili, akamchagua kuku mwenyewe. Njiani akanionya nisimwambie Nadine. Hilo sikulikubali, nikamwambia waziwazi kwamba nitasema.

Nadine aliposikia aliketi. Alimwangalia yule kuku kwa muda, safari hii akamla, machozi yakimshuka. Nikafikiri leo yamekwisha. Nikamsihi avae koti twende wote.

"Hapana, dada," akasema. "We ndiye unaniambia. Yeye hajaniambia kitu."

Niliporudi nikamwambia Maman Béatrice kwamba mtoto amelia. Akaishika meza kwa mikono miwili. "Nitaenda," akasema. "Noeli ikipita. Donc, wacha baridi ipunguke. Nitaenda, nitamuambia." Alikuwa na neno lenyewe, mwanangu. Nililiona limemfika mdomoni. Akalimeza, akasubiri baridi ipungue.

Kabla baridi haijapungua, kiharusi kikampiga. Mimi ndiye niliyemkuta jikoni sakafuni, bomba la maji likiendelea kutiririka. Hospitali walimwokoa uhai, lakini upande wa kulia haukurudi, wala ulimi haukurudi. Alisikia kila kitu. Macho yalielewa. Akitaka kusema, sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa uso kwa mto wa kulalia.

Nadine alikuja mbio jioni ileile. Akamshika mama yake mkono, akamwekea uso karibu.

"Maman, niko hapa. Sema tu kidogo. Sema, nitasikia."

Maman Béatrice alijaribu. Sijapata kuona mtu akifanya kazi nzito vile. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamlowesha, mdomo ukapinda, na kilichotoka hakikuwa neno la lugha yoyote. Akajaribu tena na tena, mpaka nesi akaja kumtuliza. Nadine alitoka, nikamsikia kule koridoni akilia kwa sauti ya mtoto.

Aliishi hivyo hadi vuli nyingine, kwenye nyumba ya wazee. Nadine alimpelekea shatenyi zilizopondwa na maziwa ziwe laini kama uji, akamlisha kwa kijiko cha chai. Aliwapeleka na wajukuu. Mama alikula, akawapapasa vichwa kwa mkono mzima. Watu waliotuzunguka walisema, tazameni, wamepatana. Lakini Nadine alikuwa akimtazama mdomo tu. Aliniuliza mara nyingi, "Unadhani alitaka kusema nini? Pengine alitaka kurudilia yale yale." Nilimwapia kwamba nilisikia kwa masikio yangu akiahidi kwenda. Aliitikia kwa kichwa, na hakuamini. Mpaka leo haamini.

Kwenye matanga ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nadine alikaa mkekani pamoja na wafiwa, na mama mmoja wa kanisani, mtu mwema tu aliyekuja kufariji, akamgeukia: "Na wewe, maman, ulimujua marehemu wapi? Maskini, alikuwa peke yake. Alituambiaka mutoto yake alishakufa." Nadine aliinua macho, akayashusha. Maman Béatrice alikuwa ndani ya sanduku, na neno lake limekaa nasi pale mkekani.

Sina faraja ya kukutilia hapa mwishoni, mwanangu. Nimeitafuta miaka yote hii, sikuipata. Ninachoweza kukwambia ni hiki. Ukimwumiza mtu kwa maneno, usimtumie chakula, usimtumie zawadi, usimtumie jirani. Nenda mwenyewe, hata kama unatetemeka, umwambie nilikosa, nisamehe. Nenda ukiwa bado unaona aibu, maana aibu haitaisha kwa kusubiri. Na kama wewe ndiye uliyeumizwa, nawe ukaona mwenzio anazungukazunguka mlango wako na neno limemkwama, mfungulie, umsaidie kulitoa. Sijui ni nani kati ya wale wawili aliyechelewa zaidi. Najua tu kwamba wote walipendana, na haikutosha.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi katika kuomba radhi na mzito katika kulaani. Akukutanishe na walio wako mkiwa bado mnaweza kusemezana, na siku utakayoinuka kwenda kwao, akufikishe ungali na sauti yako. Amina.